Nyumba karibu na bustani ya umma: namna ya kupima thamani ya kijani kabla hujalipa

Nyumba mbili zimejengwa na fundi mmoja, mwaka mmoja, ukubwa uleule. Moja inatazama bustani ya umma, nyingine iko mitaa mitano nyuma. Ya kwanza inauzwa ghali zaidi, na dalali akiulizwa sababu hujibu kwa neno moja: bustani. Ukweli upo katika jibu hilo, ila halisemi bustani imeongeza kiasi gani, na penye pengo hilo ndipo wanunuzi wengi hulipia wasichokipata. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuitenga bei ya bustani na bei ya vitu vingine vyote vilivyomo ndani ya nyumba. Utahitaji ramani, simu inayopima umbali, daftari, orodha ya mauzo ya miezi 12 iliyopita, na muda wa kufika mtaani angalau mara nne kwa saa tofauti.

Shika jambo moja kabla ya kuanza. Mnunuzi hatoi fedha kwa sababu ya majani. Anatoa fedha kwa matumizi atakayoyapata pale, kwa matunzo ya mahali penyewe, na kwa uhakika kwamba patabaki hivyo. Kimoja kikikosekana, nyongeza ya bei inayeyuka, na wakati mwingine nyumba iliyo jirani na bustani huuzwa kwa bei ya chini kuliko iliyo mbali nayo.

Hatua ya 1: Tambua ni kijani cha namna gani

Kwenye ramani vyote vina rangi moja, lakini sokoni havifanani hata kidogo. Anza kwa kuandika jina la eneo, ukubwa wake kwa hekta, nani mmiliki, na watu wanafanya nini hapo.

Bustani ya utulivu, yenye miti mikubwa, nyasi, njia za kutembea na mabenchi, ndiyo inayopandisha bei kwa uhakika zaidi. John L. Crompton wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alipitia tafiti zipatazo 30 mwaka 2001 na kupendekeza kwamba nyumba inayopakana na bustani ya aina hii, au kuitazama, inaweza kukadiriwa nyongeza ya hadi asilimia 20. Hiyo ni namba ya kuanzia tu. Yeye mwenyewe aliitoa kama mwongozo, na wauzaji wameigeuza kuwa haki yao.

Uwanja wa michezo una tabia nyingine. Mechi, filimbi, taa kali za usiku na magari yaliyoegeshwa mbele ya malango ya watu huwafanya wanaopakana nao wasipate nyongeza, au wapate hasara. Faida inahamia kwa walio mtaa wa pili au wa tatu: wao wanafika uwanjani kwa miguu na kelele haiwafikii. Ukiona uwanja una vibao vya magoli na nguzo ndefu za taa, usikubali kulipa bei ya mstari wa mbele kabla hujafika siku ya mechi.

Uwanja wa gofu, makaburi ya zamani yenye miti na hifadhi iliyozungushiwa uzio vinakupa mandhari lakini havikupi pa kutembea. Mandhari yana thamani yake, ila usilipe bei ya vyote viwili. Kuna pia bustani zenye funguo. Gramercy Park ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1831, hufunguliwa na wakazi wa majengo yanayoizunguka, kwa hiyo thamani yake yote imo katika majengo hayo, na anayekaa mtaa wa nyuma anaona uzio. Uliza kila mara: je, nyumba hii inanipa haki ya kuingia, au macho tu?

Aina ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi: pori au kiwanja kitupu kilichoota nyasi ambacho dalali anakiita “eneo la wazi”. Hicho tutakirudia hatua ya 4.

Ukubwa nao una maana. Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, limependekeza eneo la kijani lisilopungua nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Kipimo hicho ni cha afya na hakisemi lolote kuhusu bei, lakini kinasaidia kutenganisha bustani na ukingo wa barabara uliopandwa maua. Kipande cha mita 20 kwa 30 ni cha kupumzikia macho, na bei zake huishia kwa nyumba chache zinazokitazama.

Hatua ya 2: Pima umbali kwa miguu

Matangazo hupima kwa mstari ulionyooka. Wewe pima kwa njia. Simama mlangoni, washa kipima umbali, tembea hadi kwenye lango lililo wazi, usiishie kwenye uzio. Mtu mzima hutembea takriban mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 400 ni dakika 5. Ukivuka barabara kubwa, ongeza muda wa kusubiri. Reli, mfereji, ukuta wa shule au barabara isiyo na kivuko vinaweza kugeuza mita 150 za ramani kuwa kilomita nzima ya miguu.

Kisha gawa eneo katika mikanda minne na uiandike kwenye ramani yako. Wa kwanza ni nyumba zinazopakana na bustani au kuitazama moja kwa moja. Wa pili unafika mita 200 za miguu, wa tatu hadi mita 600, wa nne ni zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya athari ya bei hukaa ndani ya mita 150 hadi 180 za mwanzo. Bustani kubwa huvuta hadi karibu mita 600. Nyumba iliyo kilomita moja na nusu mbali ikitangazwa kuwa “karibu na bustani”, hayo ni maneno ya kupamba tangazo, na hayastahili hata asilimia moja.

Ndani ya mkanda wa kwanza kuna tofauti ambayo wengi huiruka. Nyumba inayotazama bustani ikiwa na barabara ndogo katikati kwa kawaida ni bora kuliko ile ambayo ua wake wa nyuma umegusana na bustani. Yenye barabara mbele inapata mandhari, na faragha yake inabaki. Yenye ua unaogusana na bustani inapata wapita njia wanaochungulia, mipira inayodondoka, na wakati mwingine njia rahisi ya mwizi kuruka uzio asionwe na jirani yeyote. Kama ua umepakana, angalia urefu wa uzio, kama kuna taa nyuma yake, na kama njia ya watembea kwa miguu inapita kando ya ukuta wenyewe au iko mita 10 na zaidi ndani ya bustani.

Kwa fleti, panda hadi ndani ya chumba. Ghorofa ya chini inaweza kutazama shina la mti na pipa la taka, ya tatu matawi, ya nane bustani nzima. Hizo ni bei tatu katika jengo moja, na fleti ya upande wa nyuma wa jengo hilohilo haina mandhari kabisa hata kama anwani ni ile ile.

Msongamano wa mtaa hubadilisha kila kitu. Utafiti wa Soren Anderson na Sarah West katika eneo la Minneapolis na St. Paul, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba ukaribu wa maeneo ya wazi una thamani kubwa zaidi kwenye mitaa yenye nyumba nyingi na iliyo karibu na kitovu cha mji. Sababu inaeleweka: asiye na ua anaihitaji bustani, mwenye ua mkubwa ana yake. Kwa hiyo usichukue asilimia ya katikati ya jiji ukaipachika kwenye mtaa wa viwanja vikubwa pembezoni.

Hatua ya 3: Fika saa ambazo dalali hakuleti

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na bustani hutembezwa saa nne asubuhi siku yenye jua. Fika mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi, kati ya saa 1 na saa 2, wikiendi alasiri, usiku kuanzia saa 3, na mara moja ndani ya saa chache baada ya mvua kubwa.

Asubuhi hesabu watu. Wazazi na watoto, wazee, wanaokimbia, wanaokatiza kwenda kazini: hao wote ni walinzi wasiolipwa. Bustani tupu saa hiyo ni dalili mbaya kuliko bustani yenye kelele. Wikiendi hesabu magari yaliyoegeshwa mbele ya nyumba unayoitaka, kisha simama ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, na usikilize. Usiku tembea kwenye njia zote kuu ukihesabu taa zinazowaka na zilizokufa. Taa 3 zilizokufa kati ya 10 ni habari kuhusu bajeti ya matunzo, na ni habari ya kweli kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

Ziara ya baada ya mvua ndiyo inayookoa fedha nyingi. Bustani nyingi ziko bondeni au kando ya mto kwa sababu ardhi hiyo haikufaa kujengwa, na nyingine zimechimbwa makusudi zipokee maji ya mvua ili mitaa isifurike. Tazama maji yanakoelekea. Yakiingia bustanini kutoka mtaani, bustani inakulinda. Yakitoka bustanini kuelekea kwenye nyumba, umepata sababu ya kuacha. Tafuta mistari ya matope ukutani, milango ya chini iliyooza, matofali yaliyobadilika rangi kwa usawa mmoja.

Usalama una uzito kuliko ukaribu. Huko Baltimore, Austin Troy na Morgan Grove walichapisha mwaka 2008 utafiti uliolinganisha bei za nyumba, umbali wa bustani na viwango vya uhalifu. Penye usalama bustani ilipandisha bei. Lakini pale ambapo kipimo cha unyang'anyi na ubakaji kilipita takriban mara 4 hadi 5 ya wastani wa nchi, ukaribu na bustani ulianza kushusha bei, na kadiri uhalifu ulivyozidi ndivyo hasara ilivyokua. Wauza maduka na walinzi wa usiku wa mtaa huo watakuambia uko upande gani wa mstari. Waulize swali la tendo, si la maoni: “Je, wewe hupita humo saa 3 usiku?”

Matunzo yanasomeka kwa macho ukijua pa kutazama. Mapipa yanayofurika, vyoo vilivyofungwa kwa kufuli lenye kutu, bembea isiyo na kiti, nyasi zilizokatwa pembeni tu mwa barabara kuu. Miti iliyozeeka bila michipukizi iliyopandwa chini yake inamaanisha kivuli kitakuwa kidogo baada ya miaka 15, na hakuna aliyelifikiria hilo.

Hatua ya 4: Hakikisha kijani kitabaki

Hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2002 Elena Irwin alichapisha utafiti wa maeneo ya Maryland ya kati, nchini Marekani, na kuonyesha kwamba ardhi ya wazi iliyolindwa kisheria isijengwe huongeza bei ya nyumba jirani zaidi kuliko ardhi ya wazi inayoweza kuendelezwa baadaye. Soko linajua tofauti hiyo. Mnunuzi mmoja mmoja mara nyingi haijui mpaka siku mabati ya ujenzi yanapozungushwa.

Nenda ofisi ya ardhi au ya mipango miji ya eneo husika ukiwa na namba ya kiwanja cha bustani. Namba ya kiwanja cha nyumba haitoshi. Unatafuta mambo manne. Mmiliki aliyeandikishwa: serikali ya mji, taasisi, kampuni au mtu binafsi. Matumizi ya ardhi kwenye mchoro ulioidhinishwa, na mwaka wa mchoro huo. Masharti yanayozuia ujenzi, yawe kwenye hati au kwenye sheria ndogo. Na maombi yoyote yaliyopo mezani ya kubadilisha matumizi, kupanua barabara, kupitisha bomba au kuweka mnara. Omba nakala yenye mhuri, kwa sababu kauli ya karani haina mahali pa kurejelewa.

Kama eneo ni la kampuni au mtu binafsi na limeandikwa “makazi” au “biashara”, lihesabu kama jengo ambalo bado halijajengwa. Jiulize nyumba ingeuzwa kiasi gani kama mbele yake kungekuwa na ghorofa nne. Hiyo ndiyo bei yako.

Geuza kioo upande wa pili pia. Katika miradi mipya bustani huchorwa kwenye picha za rangi miaka kadhaa kabla haijapandwa mti. Bei hupanda tangazo linapotoka, huduma hufika baadaye, na katikati kuna vumbi, malori na uzio. Birkenhead Park ya Uingereza, iliyosanifiwa na Joseph Paxton na kufunguliwa mwaka 1847, ililipiwa kwa sehemu na mauzo ya viwanja vilivyoizunguka, kwa hiyo kuuza kijani pamoja na viwanja si ujanja wa leo. Tatizo ni pale viwanja vinapouzwa vyote na bustani haijawa sharti la kibali. Tafuta kwenye kibali cha ujenzi kama bustani imetajwa, ukubwa wake, tarehe ya mwisho ya kuikamilisha, na nani ataitunza. Ikiwa imetajwa tu kwenye kijitabu cha mauzo, ilipe sifuri.

Hatua ya 5: Fanya hesabu

Kusanya mauzo ya kweli. Bei za matangazo ni matumaini ya wauzaji. Unahitaji angalau nyumba 4 zilizouzwa ndani ya mikanda miwili ya kwanza, na 4 za mkanda wa nne, zote ndani ya miezi 12, aina moja, mtaa wa hadhi moja, na upande mmoja wa vizuizi vikubwa kama reli. Zikifika 8 kwa 8 ni bora zaidi. Gawa kila bei kwa mita za mraba za ndani.

Tuseme, kwa fedha yoyote unayotumia, nyumba za karibu ziliuzwa 1,180, 1,240, 1,270 na 1,310 kwa mita ya mraba, na za mbali 1,060, 1,090, 1,100 na 1,150. Usitumie wastani. Tumia bei ya katikati: zipange kutoka ndogo hadi kubwa, na kwa kuwa ziko nne, chukua mbili za kati uzigawe kwa mbili. Za karibu ni 1,255, za mbali ni 1,095. Sababu ya kuuacha wastani ni hii: kama ile ya 1,310 ingekuwa jumba la kifahari lililouzwa 1,900, wastani wa karibu ungeruka kutoka 1,250 hadi karibu 1,398, wakati bei ya katikati ingebaki 1,255 vilevile. Kwa mauzo machache, jumba moja linatosha kukudanganya.

Tofauti ghafi ni 160, yaani asilimia 14.6 juu ya 1,095. Wengi huishia hapa na kuiita thamani ya bustani. Bado. Angalia kama nyumba za karibu zina kitu kingine cha ziada. Tuseme kwa wastani ni mpya kwa miaka 6 kuliko za mbali, na kwenye mtaa huo kila mwaka wa uzee unapunguza takriban nusu asilimia: toa 3. Tuseme mbili kati ya nne zimekarabatiwa jiko na bafu, jambo linaloongeza kama asilimia 4 kwa kila moja, ambayo kwa kundi zima ni 2: toa 2. Kinachobaki ni asilimia 9.6. Viwango vya uzee na ukarabati muulize mthamini wa eneo hilo, kwa sababu hubadilika sana toka soko hadi soko.

Sasa nyumba unayoitaka ina mita za mraba 90, umri sawa na zile za mbali, haijakarabatiwa, na iko mita 120 kutoka langoni. Zidisha 1,095 kwa 1.096, unapata 1,200, mara 90 ni 108,000. Muuzaji anataka 1,380 kwa mita, yaani 124,200. Tofauti ya 16,200 haina maelezo katika bustani, na sasa una hoja ya kumwekea mezani badala ya kulalamika kwamba ni ghali.

Kosa kubwa kuliko yote katika hesabu hii ni kuipa bustani sifa ya vitu vinavyoandamana nayo. Bustani za zamani mara nyingi zilipangwa kwenye mitaa ya wenye nacho, hivyo zimezungukwa na nyumba kubwa, shule nzuri na barabara pana. Hata Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wa bustani ya Central Park ya New York, hakuepuka mjadala huu. Alifuatilia thamani ya mali kuzunguka Central Park na kuonyesha imepanda kutoka takriban dola milioni 26 mwaka 1856 hadi takriban milioni 236 mwaka 1873. Namba hizo zimewashawishi wapangaji wa miji kwa zaidi ya karne. Lakini jiji la New York lenyewe lilikuwa likipanuka kuelekea kaskazini miaka hiyo hiyo, na sehemu ya ongezeko ingetokea hata pangebaki miamba na matope. Ndiyo maana kundi la kulinganisha la mbali si pambo. Bila hilo unapima ukuaji wa mji na kuuita bustani.

Mwenye mauzo mamia kadhaa na mtu anayejua takwimu anaweza kutumia modeli ya hedoniki, mbinu ambayo msingi wake wa kinadharia uliwekwa na Sherwin Rosen mwaka 1974. Inavunja bei katika sifa zake zote kwa pamoja: vyumba, umri, ghorofa, umbali wa kazi, umbali wa bustani. Kwa nyumba moja ni mzigo usio na sababu. Jozi za kulinganisha zinatosha.

Hatua ya 6: Toa gharama zinazokuja na kijani

Miti mikubwa iliyo karibu na ukuta inanyonya maji ya udongo wa mfinyanzi, udongo unasinyaa, msingi unapasuka. Piga hesabu ya haraka: kama umbali wa shina hadi ukuta ni mdogo kuliko urefu wa mti, na udongo ni wa mfinyanzi, mlete mhandisi kabla ya kusaini. Mizizi pia hufuata mabomba ya maji taka yaliyopasuka. Fungua mashimo ya ukaguzi uone kama maji yanapita au yamesimama. Majani hujaza gata na kuharibu dari, jambo linalohitaji usafishaji mara mbili au zaidi kwa mwaka. Bwawa lisilo na mtiririko ni kiwanda cha mbu. Msitu mkavu unaogusa ua ni hatari ya moto, na bima inaweza kupanda au kukataliwa; pata bei ya bima kwa maandishi kabla ya kulipa amana.

Pale kodi ya majengo inapotozwa kwa thamani, nyongeza ya bustani hulipiwa kila mwaka. Na katika makazi ya pamoja bustani inaweza kuwa mali ya wakazi wenyewe. Omba hesabu za miaka 3 za chama cha wakazi: ada ya huduma kwa nyumba, fedha zilizomo kwenye akiba, na wangapi hawalipi. Bustani isiyo na akiba itakuja kukudai siku mti ukiangukia gari la mtu.

Jumlisha gharama za miaka 10, kisha zipunguze kwenye nyongeza uliyoipata hatua ya 5. Nyumba ya mkanda wa pili mara nyingi hushinda hapa: umbali wa dakika mbili, bila majani kwenye gata.

Kama wewe ndiye unayeuza

Fanya kazi ileile kinyume. Badala ya kuandika “karibu na bustani”, andika “dakika 3 kwa miguu hadi lango la mashariki, bila kuvuka barabara kuu”. Ambatisha nakala ya mchoro unaoonyesha bustani haiwezi kujengwa. Karatasi hiyo moja huondoa shaka ambayo mnunuzi angeidai kama punguzo. Punguza matawi yanayofunika dirisha linalotazama bustani, piga picha ukiwa ndani ya chumba kwa urefu wa macho ya mtu aliyeketi, na panga wageni waje saa ambazo bustani ina watu lakini haina mechi. Taa ya nje iliyokufa upande wa bustani ibadilishe kabla ya ziara ya kwanza.

Kama bustani iko mbali, usikate tamaa na miti ya barabarani. Geoffrey Donovan na David Butry walichapisha mwaka 2010 utafiti wa Portland, Oregon, wakakuta miti ya mtaani mbele ya nyumba na jirani yake iliongeza wastani wa dola 8,870 kwenye bei, takriban asilimia 3 ya bei ya katikati, na kupunguza muda wa kukaa sokoni kwa siku 1.7. Sehemu ya faida iliwaendea majirani. Mti unachukua miaka kukua, basi kupanda mwezi mmoja kabla ya kuuza ni kupamba tu. Kuutunza uliopo ndiyo kazi yenye malipo.

Kwa mpangaji

Hesabu ya hatua ya 5 inafanya kazi na kodi ya pango pia, ukiweka kodi ya mwezi kwa mita ya mraba mahali pa bei. Tofauti iko kwenye muda. Bustani inapoboreshwa, mwenye nyumba ndiye anayevuna thamani, na mpangaji anapokea kodi mpya. Ukiona mtaa wako umetangaziwa ukarabati mkubwa wa bustani au njia mpya ya kijani, jadili mkataba wa miaka 2 au 3 wenye kiwango cha juu cha ongezeko kilichoandikwa kwa asilimia, na ufanye hivyo kabla mashine hazijafika. Uzio wa ujenzi ukishaondolewa, mwenye nyumba naye atakuwa ameshapima.